Mohamed Amin: alianza na picha za mashindano ya magari, akafikia kuonyesha dunia njaa ya Ethiopia

Wazazi wengi hapa mashariki ya Kongo wanakumbuka ule wimbo mukubwa wa Wamarekani wa mwaka 1985, ule Michael Jackson na Lionel Richie waliandika kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia. Wengine wanamujua Bob Geldof, mwanamuziki wa Ireland aliyekusanya wenzake London. Lakini ukiuliza nani alishika kamera, nani alikuwa pale Korem asubuhi wakati watoto walikuwa wanakufa kwa baridi na njaa, hapo wengi wananyamaza. Hakuwa mutu wa mbali. Alizaliwa Nairobi, akakomalia Dar es Salaam, Kiswahili alikijua tangu utoto. Jina lake ni Mohamed Amin. Katika kazi walimuita kwa kifupi tu: Mo.

Na mbele ya njaa, mbele ya vita na marais, kulikuwa magari.

Mo alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943 katika mutaa wa Eastleigh, Nairobi. Baba yake alitoka Punjab, inchi ya Wahindi wakati ule, kufanya kazi ya reli ya Waingereza. Familia haikuwa tajiri. Mwaka 1952 walihamia Dar es Salaam, Tanganyika, na njo pale mutoto alianza kutamani kamera. Alipofikia miaka 11 alinunua ya mitumba kwa shilingi 40. Ilikuwa Box Brownie ya Kodak, kisanduku kidogo tu. Hakuna cha kuvuta picha ya mbali karibu, na haraka yake ni ndogo. Mutu akitembea mbele yake kwa kasi, anatoka kwenye picha kama moshi.

Sasa fikiria unataka kupiga na hiyo kamera gari ambalo linakimbia.

Mwaka 1953 Waingereza wa Kenya, Uganda na Tanganyika walianzisha mashindano ya magari kwa kusherehekea Malkia Elizabeth kutawazwa. Waliyaita Coronation Safari. Mwaka 1960 jina likabadilika kuwa East African Safari, na kisha watu wakazoea kusema Safari Rally. Haikuwa kama yale mashindano ya Ulaya ambako magari yanazunguka kwenye barabara moja ya lami. Hapa walikuwa wanakimbia siku kadhaa, usiku na muchana, katika inchi tatu, kwenye barabara zile zile za wakaaji, na ng’ombe ndani, mbuzi ndani, malori ndani. Kisha waliipanga wakati wa Pasaka, majira ya mvua. Kila mutu aliyetoka Goma kwenda Walikale na gari wakati wa mvua anaelewa bila kuelezewa. Mwaka 1963 yalitoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 tena yakafika 7 tu. Peugeot 404, ile ambayo wazee wetu walipanda sana huku Kivu, ilijijengea jina lake kwenye yale matope: ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mufululizo kutoka 1966 mupaka 1968.

Mashindano yalikuwa yanapitia Dar, na mwanafunzi Mo alienda kusimama pembeni ya barabara kama watoto wengine wote. Tofauti ni kwamba yeye alirudi na picha, na picha zake za magari zikawa kati ya zile za kwanza kuchapishwa katika magazeti. Alikuwa bado shuleni.

Watu wa kazi ya picha wanajua kile mashindano ya magari yanafundisha. Gari linapita mara moja. Ukiinama kufunga kiatu, limepita, na mupaka mwaka kesho. Kwa hiyo unafika mbele ya saa. Unatafuta kona ambako dereva atalazimika kupunguza mwendo, ao muto ambako maji yataruka, ao kituo ambako wanasaini karatasi. Unaangalia jua liko upande gani. Ukishapiga, kazi haijaisha: sharti ukimbie kuosha filimu gizani, ukaushe, uchape, ufike kwenye mulango wa gazeti mbele wafunge kurasa. Picha nzuri inayofika kesho yake ni karatasi tu. Mo alifanya kazi namna hiyo maisha yake yote, hata pale ambapo hakukuwa tena magari mbele yake.

Hakusoma sana nyuma ya shule ya sekondari. Mwaka 1963, akiwa na miaka 20 hivi, alifungua kampuni yake Dar es Salaam, akaiita Camerapix. Chumba kidogo, jina kubwa. Lakini alichagua wakati. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea mapinduzi ya Zanzibar, ng’ambo ya maji tu, na dunia nzima ikahitaji picha. Mo alivuka na kupiga. Magazeti makubwa ya London yakaanza kuona jina lake chini ya picha, bila kujua kwamba mwenye jina ni kijana aliyetoka shuleni juzi. Alijifunza pia kushika kamera ya filimu kwa ajili ya televisheni. Akawa anatumikia shirika la Visnews la London, ambalo lilikuwa linauzia picha televisheni za inchi nyingi. Wenzake walimuona na kamera mbili ao tatu mwilini: ya filimu begani, za picha za kawaida shingoni. Tukio moja, anarudi na vyote, anauzia wengi. Ni akili ya biashara, na hakuificha.

Zanzibar ile ile ikamugeukia. Katikati ya ile miaka ya 60, Mo alipiga mambo ambayo serkali ya kisiwa haikutaka yaonekane: wanajeshi wa Zanzibar wakifundishwa na wageni kutoka Urusi na Ujerumani ya Mashariki. Walimukamata. Alikaa karibu mwezi mmoja katika gereza ambalo Wazanzibari wenyewe waliliogopa kulitaja, akapigwa na kuteswa, kilo nyingi zikamutoka. Alipofunguliwa walimufukuza, akarudi Kenya, inchi alikozaliwa. Camerapix ikahamia Nairobi pamoja naye. Waandishi wa habari wa huku kwetu waliopitia vyumba vya kufungia watu wanajua kwamba wengi wakitoka pale wanaacha hii kazi, na hakuna anayewacheka. Mo alitoka na kununua filimu ingine.

Nairobi, Jumamosi tarehe 5 Julai 1969. Waziri Tom Mboya, mwanasiasa ambaye wengi waliona kama rais wa kesho, alipigwa risasi akitoka duka la dawa katikati ya muji. Mo alimujua vizuri Mboya. Alifika haraka mbele ya wengine, akaingia katika gari la wagonjwa pamoja na majeruhi, na akapiga filimu huku wanajaribu kumurudisha pumzi. Mboya alikufa. Ile filimu ilimuletea Mo zawadi ya mupiga picha bora wa mwaka katika televisheni ya Uingereza. Zawadi kwa kifo cha rafiki. Ni jambo ambalo linauliza swali, na waliomujua wanasema halikumutoka rohoni kirahisi, lakini pia hakusema kwamba alikosea. Kwake, kamera ikifungwa, uongo unapata nafasi.

Miaka ya 70 alikuwa Kampala mara nyingi. Idi Amin, si ndugu yake hata kama majina yanafanana, alikamata madaraka Januari 1971, na mwaka 1972 akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 tu za kufungasha na kuondoka. Watu wa Goma na Bunagana wa umri mukubwa wanakumbuka maduka ya Uganda yalivyobadilika wenyewe. Mo, mutoto wa Punjab, alipiga picha za watu wa damu yake wakiacha nyumba zao. Idi Amin alipofukuzwa mwaka 1979, Mo aliingia Kampala pamoja na Brian Barron wa BBC. Mwaka uliofuata hao wawili walimufuata dikteta mupaka Saudi Arabia, mahali alikuwa amejificha, wakamupata na kumuhoji mbele ya kamera. Wengine wote walikuwa bado wanatafuta.

Pale kati aliandika na kuchapisha vitabu, vingi sana, pamoja na mupiga picha mwenzake Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley. Kimoja ni juu ya hija ya Maka, cha mwaka 1978. Yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu, kwa hiyo alipita mahali ambapo wapiga picha wengi hawawezi kuingia. Kingine ni juu ya ziwa Turkana, walikolizunguka na magari katika mawe na joto. Hapo mutoto wa pembeni ya barabara ya Dar alikuwa sasa ndani ya gari lenyewe. Mwaka 1986 alitoa kitabu juu ya reli inayotoka Mombasa, ile kazi iliyoleta baba yake Afrika.

Kama boss hakuwa mwepesi. Alifika ofisini kabla ya mwangaza, na yule aliyefika saa ya kawaida alijiona amechelewa. Alidai kwa wengine kile alijidai mwenyewe. Muke wake Dolly na mutoto wao wa pekee, Salim, walimuona kati ya safari na safari. Salim mwenyewe baadaye alitengeneza filimu juu ya baba yake, na hakuficha hiyo sehemu: alikuwa na baba ambaye dunia ilimujua kuliko yeye.

Tufike sasa mwaka 1984.

Njaa ya Ethiopia haikuanza Oktoba. Mvua ilikuwa imekosa miaka, na katika Tigray na Eritrea kulikuwa vita kati ya serkali ya Mengistu na wapiganaji. Njia zilifungwa, chakula kilizuiwa. Serkali ilikuwa na shuguli ingine: Septemba ile ilisherehekea miaka 10 ya mapinduzi yake na gwaride na mapambo katika Addis Ababa, na haikutaka kamera kaskazini. Mashirika ya musaada yalikuwa yanalia tangu miezi, hakuna aliyesikia. Njaa bila picha, kwa wakubwa wa Ulaya na Marekani, ilikuwa ripoti kwenye meza.

Kile Mo alifanya kwanza hakionekani kwenye picha yoyote. Aliomba ruhusa, akanyimwa, akaomba tena. Alijua nani wa kuona katika Addis, nani wa kupigia simu, nani anasaini. Kisha alihitaji ndege ya kufika kaskazini, juu ya barabara hazikupitika kwa sababu ya vita. Aliunganisha na mwandishi Michael Buerk wa BBC: mumoja ana picha, mwingine ana sauti na kituo kikubwa. Wale wanaofanya hii kazi huku Kivu Kaskazini wanajua kwamba nusu ya habari ni hapo: ruhusa, usafiri, mafuta, mutu wa kukufungulia kizuizi. Mutazamaji hajui kitu.

Walifika Korem, kambi kwenye milima ya Wollo, na Mekele katika Tigray. Asubuhi na mapema, baridi, ukungu bado chini, na watu maelfu wamelala kwenye uwanja wazi. Wengine hawakuamka. Mo alitembeza kamera polepole. Hakukimbilia, hakuvuta uso wa mutu karibu kwa nguvu kama wengi wanavyofanya wakitaka machozi. Aliacha picha ikae. Mama na mutoto aliyefungwa katika kitambaa. Muzee anaangalia tu. Wafanyakazi wa musaada wanachagua nani apewe chakula, juu ya hakikutosha wote, na wale ambao hawakuchaguliwa wanaangalia kutoka nyuma ya ukuta mufupi wa mawe. Mo alikuwa ameona vita zaidi ya kumi, na bado alisema kwamba pale kitu kilimubadilika ndani.

Tarehe 23 Oktoba 1984 BBC ilionyesha. Jioni ile ile Marekani ikaonyesha pia. Kisha ikasambaa: wanahesabu vituo 425 vya televisheni na watu milioni 470 walioona. Mwisho wa Novemba Bob Geldof alikusanya wanamuziki London kurekodi wimbo, Wamarekani wakafuata na wao, na tarehe 13 Julai 1985 kukawa zile konseri mbili kwa siku moja, London na Philadelphia. Pesa nyingi sana zilipatikana, na chakula kikapanda meli. Hata hivyo watu mamia ya maelfu walikuwa wamekwisha kufa, na kuna wanaohesabu mupaka milioni moja.

Hapa kuna mambo mawili ya kusema, na yote mawili yanatugusa sisi wa huku.

La kwanza, zile picha ziliokoa watu. Hakuna njia ya kuzunguka hilo. La pili, ziliacha katika vichwa vya watu wa mbali Afrika moja tu, ya mutoto mwenye tumbo kubwa na nzi usoni, na vita iliyoleta njaa ikasahauliwa. Walichanga pesa, hawakuuliza nani alifunga njia. Mo hakuwa na kosa hapo zaidi ya wale waliokata filimu yake na kuifupisha, lakini lawama hiyo inatembea mupaka leo, na haiko bure. Wenyeji wa Goma waliiona kwa macho yao Julai 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walijaa muji ndani ya siku chache, kolera ikaanza, na kamera kutoka kila upande wa dunia zikapanda Munigi na Kibumba. Maiti zilionekana duniani kote. Mama wa Goma aliyegawa maji yake ya mwisho, na shamba lake likakatwa miti yote, hakuonekana sana.

Na kuna lingine dogo, la majina. Ripoti ya Korem wengi Ulaya wanaikumbuka kwa sauti ya Buerk, na Buerk aliifanya vizuri, hakuna mashaka. Yeye mwenyewe hakuacha kumusifu Mo. Lakini sauti ndiyo ina uso kwenye televisheni. Mutu wa kamera yuko nyuma, na mutu wa kamera akiwa Mwafrika anakuwa nyuma zaidi. Yule wa sauti, anayebeba kifaa cha kurekodi na waya, yuko nyuma ya wote. Ni vile ilikuwa 1984. Kijana wa Goma ao Bunia anayeongoza waandishi wa kigeni leo, anayetafsiri, anayejua barabara gani iko salama, na jina lake halipiti mwisho wa ripoti, anaweza kusema kama imebadilika.

John Mathai alikuwa mutu wa sauti. Mukenya, alifanya kazi na Mo. Mwishoni mwa Mei 1991 wapiganaji waliingia Addis Ababa, Mengistu akiwa amekwisha kukimbia. Siku chache nyuma, Juni, ghala la silaha liliwaka moto katika muji. Mo, Mathai na Buerk walienda kupiga. Mulipuko mwingine, mukubwa zaidi, ukatokea wakati wako karibu. John Mathai alikufa pale pale. Mukono wa kushoto wa Mo uliharibika vibaya, na waganga walilazimika kuukata.

Mupiga filimu bila mukono mumoja: kamera za wakati ule zilikuwa nzito, zinakaa begani, mukono mumoja unashika, mwingine unageuza kioo. Wengi walisema amemaliza. Mo alienda Marekani, wakamutengenezea mukono wa bandia unaotumia umeme wa batiri na unaosikiliza misuli, akajizoeza nao, na ndani ya miezi alikuwa tena kazini na kamera begani. Mwaka uliofuata Uingereza ilimupa nishani ya MBE. Lakini kifo cha Mathai kilibaki. Kuna kitu ambacho mukono wa bandia haurudishi.

Novemba 1996 macho ya dunia yalikuwa hapa. Goma ilianguka mikononi mwa AFDL na washirika wake mwanzoni mwa mwezi, na katikati ya mwezi kambi ya Mugunga ikafunguka, watu mamia ya maelfu wakajaa barabara wakielekea mupaka wa Rwanda, na wengine wakaingia msituni upande wa magharibi. Mashirika ya habari yote yalikuwa yanatuma watu kwenye mupaka. Mo ile juma alikuwa Addis Ababa kwa shuguli za Camerapix, ambayo ilikuwa inachapisha gazeti la ndani ya ndege za Ethiopian Airlines. Alikuwa na Brian Tetley, yule mwandishi wa vitabu vyake, na ambaye aliandika pia maisha ya Mo mwenyewe.

Jumamosi tarehe 23 Novemba walipanda ndege namba 961 kurudi nyumbani Nairobi. Ile Boeing 767 ilikuwa iendelee nyuma ya Nairobi mupaka Brazzaville, Lagos na Abidjan. Ndani kulikuwa watu 175. Dakika kadhaa nyuma ya kuondoka, vijana watatu Waethiopia waliingia kwa rubani, wakasema wako na bomu, wakataka ndege iende Australia. Rubani Leul Abate aliwaelezea kwamba mafuta hayatoshi, ni ya kufika Nairobi tu na akiba kidogo. Hawakumusadiki. Ndege ilizunguka masaa karibu manne, ikifuata pwani, kisha ikaelekea visiwa vya Komoro. Mafuta yakaisha, injini moja ikanyamaza, kisha ya pili.

Walionusurika walieleza kwamba Mo hakukaa kwenye kiti. Alisimama, akaenda mbele, akaongea na watekaji, akabishana nao, akajaribu kuwashauri, na akajaribu pia kuamusha abiria wengine wafanye kitu. Alikuwa na miaka 53 na mukono mumoja. Alikuwa amesimama bado karibu na mulango wa rubani wakati ndege iligusa maji.

Leul Abate alijaribu kuitua baharini karibu na pwani ya Ngazija, mbele ya hoteli ya watalii. Bawa lilipiga maji kwanza na ndege ikavunjika. Watalii na wavuvi walikimbia na mitumbwi kuokoa watu. Kati ya watalii kulikuwa waganga waliokuwa kwenye likizo. Mutu mumoja kwenye ufuko alikuwa na kamera ndogo ya video, akapiga yote. Ile filimu ilizunguka dunia. Watu 125 walikufa, pamoja na watekaji watatu, na 50 wakapona, na rubani akiwa kati yao. Mohamed Amin na Brian Tetley hawakupona.

Walimuzika Nairobi. Salim, ambaye alikuwa na miaka 26, alichukua funguo za Camerapix. Alikuta mule ndani mamilioni ya picha na masanduku ya filimu, kutoka Zanzibar mupaka Korem, nyingi hazijaonekana na mutu tangu ziliposhwa. Alianzisha kwa jina la baba yake shule ya kufundisha vijana wa Afrika kazi ya kamera na televisheni, na sehemu ya zile picha sasa iko kwenye intaneti, bure kwa mwenye kutaka kuangalia. Ziko za marais, za wakimbizi, za mahujaji wa Maka. Ukizitafuta vizuri utakuta pia magari, na vumbi nyuma yao.